Hong Kong: mkataba wa wawili, wa tatu hakuulizwa

London ikitoa taarifa kuhusu Hong Kong, Beijing hujibu kwamba hayo ni mambo yake ya ndani. London nayo hurejea kwenye Azimio la Pamoja, mkataba uliotiwa saini na mawaziri wakuu wa nchi hizo mbili, Margaret Thatcher wa Uingereza na Zhao Ziyang wa China, Desemba 19, 1984. Humo China iliahidi kuwa baada ya makabidhiano ya Julai 1, 1997, Uingereza itakapoirudishia China koloni lake hilo, mji huo utabaki na mahakama zake, sarafu yake na uhuru wa kusema kwa miaka 50.

Hoja ya China ina uzito kuliko wengi wa Magharibi wanavyokubali. Kisiwa cha Hong Kong kilichukuliwa mwaka 1842, baada ya vita ambavyo Uingereza ilipigana kulinda biashara yake ya afyuni. Rasi ya Kowloon ikafuata 1860, na mwaka 1898 New Territories, sehemu kubwa ya koloni, ikakodishwa kwa miaka 99 bila kodi. Magavana wote 28 waliteuliwa na London. Kura ya moja kwa moja ya kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria ilikuja 1991, tena kwa viti 18 tu kati ya 60. Kwa hiyo Chris Patten, gavana wa mwisho, alipotaka kupanua kura mwaka 1992, Beijing iliona mpangaji anabadilisha kufuli siku ya kuhama. Ni vigumu kuilaumu kwa hilo.

Lakini unafiki wa mmoja haufuti sahihi ya mwingine. Azimio lilisajiliwa Umoja wa Mataifa mwaka 1985 kama mkataba kamili. Mwaka 2017 msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China akaliita waraka wa kihistoria usio na maana tena kiutendaji, ilhali miaka 30 ilikuwa bado. Kisha ikaja sheria ya usalama wa taifa ya Juni 30, 2020, iliyopitishwa Beijing bila kupitia baraza la Hong Kong. China husema ghasia za 2019 hazikuiachia njia nyingine, na kweli jengo la baraza lilivamiwa na waandamanaji. Ila gazeti la Apple Daily, lililotetea demokrasia na kufungwa Juni 2021 baada ya kuandamwa kwa sheria hiyo, halikuvamia jengo la mtu.

Kiini cha ugomvi nakiona kwingine. Azimio halikuweka mwamuzi wala adhabu kwa atakayelivunja, na waliolitia saini walilijua hilo. Wakazi wenyewe hawakuwa na kiti mezani: China ilikataa wawe upande wa tatu, Uingereza ikaridhia. Mlango wao ulikuwa umefungwa mapema zaidi, mwaka 1972, China ilipotaka Hong Kong na jirani yake Macau, iliyotawaliwa na Ureno, ziondolewe kwenye orodha ya makoloni ya Umoja wa Mataifa. Barua hiyo ilielekezwa kwa kamati ya kuondoa ukoloni, iliyoongozwa wakati huo na Mtanzania Salim Ahmed Salim. Wengi wetu Afrika tuliona ni haki, maana China ilikuwa ikidai chake. Lakini kutoka kwenye orodha hiyo kulimaanisha pia kwamba njia ya kujiamulia, ile tuliyoipita sisi, haikuwahusu watu wa Hong Kong.

Nguvu nazo zimehama. Mwaka 1997 uchumi wa Hong Kong ulikuwa karibu asilimia 18 ya uchumi wa China. Leo haufiki asilimia 3. Bata wa mayai ya dhahabu amebaki mmoja kati ya wengi, na Beijing haina tena sababu ya kumbembeleza.

Kilichobaki mkononi mwa London ni viza, iliyofunguliwa Januari 31, 2021 kwa wenye hadhi ya BNO (British National Overseas), ambayo Uingereza iliwapa wakazi wa Hong Kong wa enzi za ukoloni. Zaidi ya watu 150,000 wamehamia Uingereza kwa njia hiyo. China inasema huo nao ni uvunjaji wa makubaliano ya 1984, na imeacha kuitambua pasi ya BNO kama hati ya kusafiria.