Kabla ya Kuilaumu Baritoni ya Zamani, Itazame Mausipisi

Saksofoni za baritoni, zile kubwa za sauti nzito, za Kimarekani za kabla ya Vita Kuu ya Pili zina sifa mbili: sauti tamu na noti zisizokaa sawa na piano. Anayeitamani 12M, baritoni ya kampuni ya Conn iliyoanza kutoka Elkhart, Indiana, karibu na mwaka 1930, huambiwa aiache na atafute ala ya kisasa yenye A ya chini. Ushauri huo una sababu zake, na baadhi ni nzito. Ila hilo la noti kutokaa sawa, mara nyingi, limesababishwa na kipande kidogo ambacho hakikutoka kiwandani na ala yenyewe: mausipisi, kile cha kuwekwa mdomoni.

Wanaopinga wasikilizwe kwanza. Muziki mwingi wa bendi kubwa unaoandikwa sasa huipa baritoni A ya chini, ambayo ni A kwa majina ya noti ya saksofoni, lakini kwenye piano ni C ya mitetemo kama 65 kwa sekunde. 12M inaishia B-flati. Anayelipwa kuzisoma kurasa hizo kila wiki anaihitaji noti hiyo, basi. Kidole kidogo cha kushoto nacho hupata taabu kwenye vitufe vya zamani. Halafu kuna fundi: kubadilisha pedi zote za baritoni, zile zinazoziba matundu, kunaweza kukaribia bei uliyonunulia ala. Kwenye Conn za kabla ya 1947 hivi, kingo za matundu zimekunjwa kwa nje, kwa hiyo tundu lililopinda halisuguliwi kwa tupa, maana tupa italila kunjo lenyewe. Fundi inabidi auinue ukingo taratibu mpaka ulingane. Ingiza taa ndani ya bomba chumba kikiwa na giza: mwanga ukichungulia kando ya pedi iliyo mpya kabisa, ujue kazi hiyo haikufanywa.

Conn za mwanzoni mwa karne ya 20 zilizogongwa herufi H chini ya namba ya ala ziko mbali zaidi na piano. Zilitengenezwa kwa A ya piano ya mitetemo 457 hivi badala ya 440, na hakuna kitakachoziokoa.

Sasa tuje kwenye mausipisi, ambako ndiko hukumu nyingi hupotoka. Saksofoni ni koni iliyokatwa ncha. Ncha hiyo lazima ifidiwe, na kinachoifidia ni hewa iliyomo ndani ya mausipisi, kuanzia mwisho wa shingo, yaani bomba la juu linaloishika, mpaka kwenye utete unaotetemeka mdomoni. Adolphe Sax, aliyeisajili ala hii Paris mwaka 1846, alitumia mausipisi yenye chumba kipana cha mviringo, na waliopanga matundu ya 12M walipima kwa chumba cha namna hiyo. Mpulizaji wa leo huja na mausipisi ya chumba chembamba, paa lake limeinuliwa ili sauti ipenye katikati ya magitaa na ngoma. Ujazo wa hewa umepungua. Ili A ya kati ikae, anaivuta mausipisi nje hadi inashikilia pembeni kabisa mwa koki iliyozunguka shingo. A inakaa. Lakini noti za juu zinazopigwa kwa vitufe vya kiganja zinapanda, oktavo (noti za jina moja, juu na chini) zinatanuka, na B-flati ya chini inagugumia kama injini ya boti isiyotaka kuwaka. Wapo wanaotumbukiza kizibo kwenye kiwiko cha chini, pale bomba linapopinda, na mara nyingi mgugumio hukoma kweli. Oktavo hazirudi mahali pake kwa hilo, na lawama hubaki kwa ala.

Kinachochangia ni namna mausipisi zinavyochaguliwa. Chukua mausipisi ya Berg Larsen iliyoandikwa 100/1. Ile 100 ni uwazi wa ncha kwa sehemu za elfu za inchi, kama milimita 2.5, ile 1 inahusu umbo la ndani. Wanunuzi huulizana namba ya kwanza tu. Namba hiyo inakueleza pumzi utakayohitaji na ugumu wa utete utakaoufaa. Kuhusu oktavo kukubaliana, haikuelezi chochote cha maana.

Mpiga baritoni wa jazi Gerry Mulligan alipuliza 12M mwaka 1952 huko Los Angeles, pamoja na tarumbeta ya Chet Baker, besi na ngoma, bila piano. Atakayesema hapakuwa na piano ya kumuumbua akumbuke kwamba ala mbili za kupuliza zikiachwa peke yake hazina pa kujificha. Mwaka 1957 alirekodi na mpiga piano Thelonious Monk, na piano ikiwepo. Mausipisi yake maarufu ilikuwa Gale, yenye chumba kikubwa. Mpiga baritoni mwingine, Pepper Adams, aliyetaka ukali alipuliza Berg Larsen, lakini kwenye saksofoni ya Selmer.

Kwa hiyo baritoni ya zamani ya namna hii nisingeikataa wala kuilipia kabla ya kuijaribu hivi. Taa ipite kwanza. Kisha azima mausipisi ya chumba kipana, hata kama si ile utakayotumia jukwaani, upulize B-flati ya chini kwa sauti ndogo, B-flati mbili zilizo juu yake, halafu D ya kiganja, kifaa cha kupima usahihi wa noti kikiwa mbele yako. Pedi zikiwa hazivuji na oktavo bado zikaachana, mrudishie mwenyewe ala yake. Zikikubaliana, lililobaki kuamua ni kama kazi yako inaidai ile A ya chini, na bei ya mausipisi ya chumba kipana uihesabu ndani ya bei ya ala.