Ajali iliyomkosa mtu nayo iandikwe

Tukikutana Watanzania wa huku Uingereza, mazungumzo ya kazi hayachelewi kufika kwenye kuwacheka Wazungu na makaratasi yao. Mtu kajikwaa, fomu. Boksi limedondoka, fomu. Na mimi nilicheka sana, mpaka nilipopandishwa kuwa kiongozi wa zamu ghalani na bosi akanipeleka kwenye mafunzo ya kuripoti ajali. Tangu hapo nimebadilika, na najua wapo watakaosema nimeshakuwa mnoko. Semeni tu.

Kanuni zenyewe zinaitwa RIDDOR, za mwaka 2013, na zinahusu majeraha, magonjwa na matukio ya hatari kazini kwa England, Scotland na Wales. Wajibu wa kuripoti ni wa mwajiri au mwenye dhamana ya eneo, si wa aliyeumia. Mtu akifariki, akikatika kiungo au akivunjika mguu, mamlaka ya usalama kazini, HSE, ijulishwe bila kuchelewa. Akishindwa kufanya kazi yake ya kawaida kwa zaidi ya siku 7 mfululizo, ripoti iende ndani ya siku 15 tangu ajali itokee. Siku zikizidi 3 bila kupita 7, ripoti haipelekwi, lakini ajali lazima iandikwe. Kumbukumbu zinatunzwa miaka 3.

Kwenye hesabu ya siku ndipo darasa lilipochangamka. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, hata kama mtu hakupangiwa kazi; siku ya ajali yenyewe haimo. Na ukimwambia aliyeumia mgongo aje akae mapokezi apokee simu, bado anahesabiwa kuwa hawezi kazi yake. Ule ujanja wa "we njoo ukae tu, nitakuandikia umekuja", ambao waliowahi kufanya kazi viwandani nyumbani wanaujua vizuri, hapa hausaidii. Ila kidole kilichovunjika hakimo kwenye orodha ya majeraha makubwa, hata kidole gumba. Mpolandi mmoja tuliyekaa naye alikasirika kweli, na nilimwelewa. Kwa mbeba mizigo, gumba ndio mshahara.

Magonjwa nayo yamo, daktari akishathibitisha kuwa yanatokana na kazi: pumu, ngozi kubabuka kwa kemikali, ganzi ya mikono kwa wanaoshika mashine zinazotetema. Niliwaza mafundi wa samani wa Keko, wanaokohoa vumbi la mbao miaka na miaka, tukiambiana kuwa fulani ana kifua kibaya.

Lakini kilichonikamata hasa ni matukio ya hatari. Hapo hata asipoumia mtu, ripoti inakwenda. Jukwaa la ujenzi lenye kimo cha zaidi ya mita 5 likiporomoka wakati mafundi wako kwenye chai, linaripotiwa. Winchi ikipinduka, inaripotiwa. Mtambo ukigusa waya wa umeme wa juu, vivyo hivyo. Kwetu mirunda ikiporomoka ikamkosa saidia fundi, tunasema Mungu mkubwa, anatafutwa mtu wa kuifunga upya, zege linaendelea. Mungu ni mkubwa kweli, lakini mirunda ile ilioza kabla haijaanguka, na kamba iliyofungia bado inatumika upande wa pili.

Msidhani nyumbani hakuna sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003 na wakala wake, OSHA, upo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Hiyo ni hatua kubwa, na waliolipwa kupitia mfuko huo wanajua thamani yake. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba taarifa ya ajali tumeifunga kwenye pesa. Bila damu hakuna madai, na bila madai hakuna anayeshika kalamu. Kibarua wa kulipwa jioni ndiyo kabisa: hajaandikwa popote, ajali yake itaandikwa wapi?

Matokeo yake tunajifunza kutoka kwenye misiba. Machi 2013 ghorofa liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, wakafa watu 36. Novemba 2024 likaporomoka la Kariakoo, na baada yake ndipo ikaundwa kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Ajali haina kinga, tunaambiana matangani. Ya mtu kuteleza bafuni labda. Ghorofa halianguki bila kutoa dalili, na dalili hizo kuna vibarua na wapangaji wanaoziona. Wanamwambia nani?

Na huku si peponi, nisije nikawadanganya. HSE wenyewe wanakadiria kuwa waajiri wanaripoti kama nusu tu ya majeraha yasiyoua wanayotakiwa kuripoti, na waliojiajiri wanaripoti chini sana ya hapo. Mwaka 2023/24 walikufa kazini wafanyakazi 138. Anayefanya kazi kupitia wakala akilalamika mgongo, meseji za zamu zinaanza kupungua, na hakuna atakayemwambia kwa nini. Dada zetu wanaotunza wazee, ambao kibali chao cha kukaa kimefungwa kwa mwajiri mmoja, wanainua watu wazima peke yao usiku na kumeza paracetamol. Fomu ipo na mafunzo yapo. Hofu nayo ipo, tena inaongea Kiingereza kizuri.

Kwa hiyo siwaombei nyumbani fomu za Kiingereza. Naomba msimamizi wa saiti na mkuu wa karakana wafundishwe, hata nusu siku tu, nini cha kuandika: kilitokea nini, wapi, kilivunjika nini, nani angekuwa amesimama pale. Na anayesema asikatwe posho.

Shemeji yangu ni fundi mkuu Mbagala. Nimemwambia anunue kaunta buku aiweke stoo. Alicheka, akasema vijana wakiona daftari watadhani ni la madeni, hakuna atakayelisogelea. Tumebishana kwenye simu mpaka salio lake likaisha. Mwisho amekubali kuandika zile tu zilizowakosa watu, bila jina la mtu, na kila Jumamosi kabla ya kulipana awasomee wote. Amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza: ndoo ya zege imechomoka kamba ghorofa ya pili, na chini yake kwa herufi kubwa, KAMBA MPYA HAIJANUNULIWA.