Jeuri ya unayemfundisha: umshitaki au umvumilie?

Mwanafunzi anayewafundisha wenzake hana cheo wala daftari la alama. Anasikilizwa kwa hiari. Sasa mwenzake amechelewa nusu saa, ameweka simu juu ya daftari, na anamwambia, "Wewe nipe tu majibu." Afanye nini?

Wapo wanaosema apeleke kwa mwalimu papo hapo. Si hoja ya kubeza. Hajafunzwa kutuliza ugomvi, muda unaopotea ni wake pia, na akinyamaza leo, kesho atatukanwa.

Wengine wanaona kushitaki kunaiua kazi yenyewe. Mtu huja kwa mwenzake kwa sababu hapo anaweza kusema "sijaelewa" bila woga. Joseph Lancaster, aliyefungua shule yake London mwaka 1798, aliwatumia wanafunzi kufundisha wenzao hadi mwalimu mmoja akamudu mamia ya watoto. Lakini viranja hao walikuwa pia wa kunasa makosa, na miongoni mwa adhabu za shule ile ni kuvishwa gogo shingoni. Gharama ilishuka, sawa, ila nani angekiri ujinga wake mbele ya kiranja wa namna hiyo?

Mimi naegemea huku, kwa sharti. Jeuri nyingi huficha kutojua. Chukua yule anayepiga miayo akidai sehemu ni hesabu za watoto. Mpe 1/2 + 1/3. Akiandika 2/5, umeshajua miayo imetoka wapi. Usicheke, usihubiri. Chora mstatili, ugawe vipande sita, mwachie kalamu apake nusu, kisha theluthi. Vitano vikishapakwa, hata sauti yake hubadilika.

Anayetaka kufanyiwa kazi naye aambiwe: la kwanza tufanye pamoja, la pili ufanye mwenyewe. Akigoma, funga kitabu uende zako. Hilo halihitaji mwalimu.

Sharti lenyewe ni hili: matusi, vitisho, kushikwashikwa, au mwenzako akigusia kujidhuru, mtu mzima aambiwe siku hiyo hiyo. Hapo urafiki usikuzibe mdomo. Kinachonitatiza ni yule mpole anayekuja kila wiki mikono mitupu, hagombi wala hafanyi zoezi. Huyo ningempa wiki mbili, kisha nimwambie yeye mwenyewe, kabla sijafika kwa mwalimu, kwamba nakwenda kusema nimeshindwa.