Shahada ya urubani ya dola laki mbili: inamfaa nani?

Ukichukua karatasi ya ada ya Embry-Riddle, chuo cha anga kinachojulikana kuliko vyote Marekani, chenye kampasi Daytona Beach, Florida, na Prescott, Arizona, utakuta ada ya masomo peke yake imepita dola 40,000 kwa mwaka. Hapo hujalipia chumba, chakula wala bima. Kubwa zaidi, hujaruka. Saa za ndege hulipiwa kando, na hizo ndizo zinazomfanya mtu kuwa rubani. Miaka minne ikiisha, familia isiyo na ufadhili inakuwa imevuka dola 200,000.

Watu wa anga wenyewe wamegawanyika juu ya fedha hiyo. Wapo wanaosema ni kuzichoma, kwa kuwa mwajiri hutazama leseni na saa, si joho la mahafali. Wapo wanaosema leseni bila shahada ni kusimama kwa mguu mmoja. Kila upande una hoja, ila wanabishana kabla ya kuuliza kijana atarushia ndege wapi, na akiwa na hati za nchi gani. Jibu la kijana wa Kikongo aliyekulia Texas, mwenye ukaazi wa kudumu, si jibu la kijana wa Kisumu au Mwanza anayetafuta viza.

Tuanze na Marekani, maana huko shahada ina thamani iliyoandikwa kwenye sheria. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, New York, ikaua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Familia za marehemu zililibana Bunge, likapitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria akatakiwa kuwa na leseni ya daraja la juu, ile inayodai saa 1,500. Kabla ya hapo saa 250 zilitosha. (Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na saa zaidi ya 2,000, kwa hiyo sheria hiyo isingewazuia kuwa kwenye viti vile. Lakini hiyo ni mada nyingine.)

Sheria hiyohiyo iliacha mlango wa pembeni. Mwenye shahada ya anga kutoka chuo kilichoidhinishwa huingia kwa saa 1,000. Mwenye stashahada ya miaka miwili, 1,250. Aliyetoka jeshini, 750. Vyuo vinauza mlango huo kwa nguvu zote, na si uongo kwamba una thamani. Katika mashirika ya Marekani tarehe ya kuajiriwa ndiyo inayoamua karibu kila kitu: utarusha ndege gani, utakaa kituo gani, Krismasi utakuwa nyumbani au hotelini, na kazi zikipunguzwa nani atangulie kutoka. Kwa kuwa kustaafu ni miaka 65, mwezi mmoja unaowahi kuingia ni mwezi mmoja unaoongezeka mwisho wa safari, wakati mshahara ni wa kapteni wa ndege kubwa.

Sasa piga hesabu. Wengi hukusanya saa zao kwa kufundisha wengine, na mwalimu kwenye uwanja wenye wanafunzi wengi huruka kama saa 60 hadi 80 kwa mwezi. Saa 500 zilizopunguzwa ni kama miezi sita hadi minane ya kazi hiyo. Mwenzake aliyemaliza sekondari akaenda moja kwa moja kwenye shule ya urubani, ambako kozi kamili ya haraka hupita dola 100,000, anaweza kuwa na leseni na cheti cha ualimu ndani ya mwaka mmoja hivi, akafundisha miaka miwili, akafikisha saa 1,500 akiwa na miaka 21. Huo ndio umri wa chini ambao sheria inamruhusu kuingia kwenye shirika. Wa chuo anahitimu akiwa na miaka 22, na kama hakufundisha tangu akiwa mwanafunzi, bado anazitafuta saa 1,000. Kwa maneno mengine, punguzo la saa linamsaidia kumtangulia aliyesoma shahada nyingine kabla ya urubani. Yule ambaye hakwenda chuo kabisa, hamtangulii.

Watetezi wa shahada watajibu kwamba mashirika makubwa huitaka. Yalikuwa yanaitaka. Delta iliondoa sharti la shahada ya miaka minne Januari 2022, wakati marubani walikuwa adimu baada ya wengi kustaafu kipindi cha korona. United na American nao huajiri wasio nayo. Ila sharti lililoondolewa wakati wa uhaba linaweza kurudi kimyakimya likiitwa kigezo cha ziada. Kasi ya kuajiri ilipopungua mwaka 2024, wenye sifa zinazofanana walianza kubanana mlangoni, na mwenye kuchagua anapokuwa na wengi wa kuchagua, shahada inahesabika. Kwa hiyo hapa siwaungi mkono wanaosema haina kazi. Ina kazi. Ninachopinga ni bei.

Maana shahada hiyo inapatikana kwa bei nyingine. Vyuo vya umma kama University of North Dakota na Middle Tennessee State vina programu zenye punguzo lilelile la saa 1,000, na mkaazi wa jimbo hulipa ada nafuu mno ukilinganisha na chuo binafsi. Kuna pia vyuo vya jamii vya miaka miwili vinavyotoa stashahada ya anga. Mtoto wa mkimbizi aliyepokewa Marekani anastahili mikopo ya serikali sawa na raia, jambo ambalo familia nyingi za Kikongo na Kirundi hazilijui. Lakini mkopo huo, kwa mwanafunzi anayehesabiwa chini ya wazazi, una kikomo cha dola 31,000 kwa shahada nzima. Mlima uliobaki unaangukia mkopo wa mzazi au wa benki, na mshahara wa mwalimu wa urubani anayeanza hauwezi kulipa kwa pamoja kodi ya nyumba na rejesho la kila mwezi la deni la dola laki mbili.

Kwa kijana anayetoka Afrika Mashariki na viza ya mwanafunzi, picha inageuka. Viza ya mafunzo ya ufundi, inayotolewa kwa shule za urubani zisizo za shahada, humruhusu kufanya kazi ya mazoezi mwezi mmoja kwa kila miezi minne aliyosoma, na isizidi miezi sita. Viza ya chuo kikuu humpa kibali cha kufanya kazi ya fani yake miezi 12 baada ya kuhitimu. Katika miezi hiyo akipata kazi ya kufundisha, anaweza kukaribia saa 1,000. Naona hii ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa shahada ya Marekani kwa mgeni, na ajabu ni kwamba haihusu elimu. Anachonunua ni mwaka mmoja wa kurusha ndege huku akilipwa.

Tatizo ni kwamba saa zinatimia na kibali kinakwisha karibu pamoja. Mashirika ya huko kwa kawaida huomba mtu awe na haki ya kufanya kazi bila kudhaminiwa, kwa hiyo ule mlango wa pembeni anaufikia na kuuangalia tu. Atarudi nyumbani na saa zake, na leseni ya Marekani ambayo lazima aibadilishe kwa mitihani na ukaguzi wa mamlaka ya anga ya kwao.

Na huko nyumbani hakuna sheria ya saa 1,500 kwa rubani msaidizi. Kenya, Tanzania na Uganda zinafuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Leseni ya rubani wa biashara hudai saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyounganishwa na kuidhinishwa. Akiongeza idhini ya kuruka kwa kufuata vyombo vya ndani ya ndege bila kutegemea kuona nje, ya injini mbili na ya aina husika ya ndege, kisheria anaweza kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Punguzo la saa alilolipia Florida halina pa kutumika Embakasi wala Dar es Salaam.

Kizuizi cha huku hakiko kwenye sheria, kiko kwa kampuni za bima na kwa waajiri. Kazi nyingi za mwanzo ni za ndege ndogo, hasa Cessna Caravan, zinazopeleka watalii Mara, Serengeti, Zanzibar na Mafia. Rubani mara nyingi yuko peke yake, abiria kumi na kitu nyuma, uwanja wa udongo mbele, na pundamilia wakati mwingine hawajatoka njiani. Mwenye kampuni ya bima hataki kusikia saa 200. Anataka mamia ya ziada, na baadhi ya hizo ziwe za ndege ya aina hiyo. Ndipo unapowakuta vijana wenye leseni halali wakikata tiketi kaunta, wakipanga mizigo au wakizunguka ofisi za kampuni kwenye viwanja vya ndege vya Wilson, Nairobi, na Arusha wakiwa na bahasha ya vyeti, leseni zenyewe zikihitaji fedha ili zisipitwe na muda. Pengo hili kati ya saa 200 na ajira ya kwanza ndilo linalovunja ndoto nyingi, na karibu hakuna familia inayoliwekea bajeti. Fedha yote imekwishatumika kufika kwenye leseni.

Kwa hiyo anayeniuliza Nairobi au Dar nitamwambia asomee karibu, Wilson au Afrika Kusini, na abakize theluthi ya fedha kwa ajili ya pengo hilo. Asidhani tu kwamba karibu ni rahisi. Nenda Wilson asubuhi uangalie Cessna 172 ya mafunzo ikisubiri kupaa. Mbele yake zimepanga Caravan za watalii, nyuma yake ipo nyingine, na muongoza ndege ana haki ya kutanguliza wenye abiria. Injini inanguruma, na ile mita ndogo ya Hobbs kwenye dashibodi inahesabu sehemu moja ya kumi ya saa, kisha nyingine. Mwanafunzi analipia yote, hata kama hajaiacha lami. Shule ikikupa bei ya saa 200, jua kwamba ni bei ya mwanafunzi asiyerudia somo, asiyefeli mtihani wa angani na asiyekumbwa na mvua za masika. Sijamwona huyo.

Zamani mzigo huu haukuwa wa mzazi. Shule ya urubani ya Soroti, Uganda, ilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ili kuzalisha marubani na mafundi wa nchi tatu. Jumuiya ikavunjika 1977, East African Airways ikafa nayo, na tangu hapo mafunzo yamezidi kuwa suala la hati ya kiwanja na harambee. Tanzania sasa inajaribu kurudisha kitu cha aina hiyo kupitia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT. Ethiopian Airlines haikuwahi kuacha: inafundisha wake yenyewe Addis Ababa, na hilo linaeleza mengi kuhusu kwa nini iko ilipo.

Limebaki la shahada kama kinga ya maisha rubani akipoteza kazi, maana huko ndiko inakoonekana ya lazima. Rubani wa biashara hupimwa afya kila mwaka, na umri ukisogea, baadhi yao kila miezi sita. Kifafa, tatizo la moyo au kisukari kinachohitaji sindano vinaweza kumshusha chini siku moja. Hata akiwa mzima, kampuni inaweza isiwe nzima: Jetlink ya Kenya ilisimama 2012, Fastjet Tanzania ikafuata miaka michache baadaye, na 2020 Kenya Airways ilipunguza wafanyakazi, marubani wakiwemo. Mwenye leseni pekee hapo hana pa kushika.

Kweli kabisa. Ila shahada ya sayansi ya urubani humpeleka mtu kulekule alikotolewa, kwenye sekta ileile iliyoanguka. Anayetaka kinga angefaa kusoma kitu kinachosimama chenyewe, uhasibu, kompyuta, uhandisi, na asome polepole, hata kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huku akiruka. Shahada za anga zenye faida ya wazi ni za wasiokusudia kukaa mbele ya ndege: usimamizi wa viwanja, usalama wa safari, uhandisi wa ndege. Mamlaka za usafiri wa anga kama TCAA ya Tanzania na KCAA ya Kenya huhitaji watu hao, na rubani anayetaka baadaye kuwa mkaguzi au meneja atafaidika nayo pia, ingawa anaweza kuisomea akiwa na miaka 35 kwa mshahara wake mwenyewe.

Kwa aliyekwisha kuamua, cheti cha afya daraja la kwanza kitangulie kabla ya shilingi yoyote ya ada, maana asiyetofautisha rangi vizuri ni bora ajue leo. Kisha aruke saa chache kwenye shule anayoitaka, alipie hizo tu, na alipie hatua inayofuata akishamaliza iliyopo. Silver State Helicopters ya Nevada ilifunga milango Februari 2008 wanafunzi wake wakiwa wamekwishalipia mafunzo kamili kwa mikopo. Shule ikaondoka, madeni yakabaki. Punguzo la kulipa yote kwa mkupuo linavutia, lakini mkataba usiosema fedha zitarudishwa vipi na ndani ya siku ngapi usitiwe saini, hata kama kwenye brosha yao kuna picha ya Boeing 787.