Debe, tangi na kisiwa cha Bukom

Mwaka 1891 kampuni ya Syme, wakala wa mfanyabiashara wa London aitwaye Marcus Samuel, iliomba kujenga matangi ya mafuta ya taa Singapore. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ikakataa: mafuta mengi kiasi hicho hayawezi kuwekwa ndani ya mipaka ya bandari.

Wafanyabiashara walikuwa na haki ya kunung'unika. Hadi hapo mafuta yalisafirishwa kwa madebe, mawilimawili katika kasha la mbao. Debe hubonyea, hupata kutu, huvuja, na kilichovuja hutuama chini ya shehena kikitoa mvuke. Meli nayo hubeba bati na mbao pale ambapo ingebeba mafuta. Kuyamimina moja kwa moja katika matangi ya chuma yaliyozibwa kulipunguza gharama, na baharini kulipunguza hatari pia. Tena kelele za usalama hazikuwa safi zote. Samuel alipoomba kuvusha meli za matangi Mfereji wa Suez, wanasheria walipinga kwa niaba ya wateja wasiotajwa, na wengi waliona mkono wa Standard Oil, kampuni ya mafuta ya Marekani, mfalme wa madebe. Kibali kilitoka, na Agosti 1892 meli ya Murex ikavuka.

Lakini hoja ya meli si hoja ya mji, na hapo ndipo naona wafanyabiashara walichanganya mambo. Mwaka 1886 meli ya mafuta Petriana ililipuka Birkenhead, Uingereza, ikiwa katika matengenezo: tangi lililokwisha kumwagwa mafuta hubaki na mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kisha kuna joto. Sheria ya Uingereza ya 1879 iliweka mpaka kwenye nyuzi 73 za Farenhaiti, kama 23 za Selsiasi. Mafuta ambayo mvuke wake haushiki moto chini ya hapo yalihesabiwa salama. Mchana wa Singapore hupita 30. Yaliyofaulu kipimo London yangeweza kuwa hatari kivulini tu, siku ya kawaida. Halafu debe likipasuka, umepoteza debe. Tangi likipasuka, mafuta yanayowaka huelea hadi kwenye matishari ya mbao yaliyobanana gatini. Mimi ningekuwa ofisa wa bandari, ningekataa pia.

Syme wakahamia Pulau Bukom, kisiwa kidogo kusini, nje kidogo ya mipaka hiyo. Sheria ikatiiwa, matangi yakajengwa. Ila mafuta bado yalitakiwa mjini, na wateja wa Asia hawakutaka kuja na vyombo vyao. Walitaka debe lenyewe, kwa kuwa likiisha mafuta huwa ndoo, huwa bati la kuezekea. Samuel akalazimika kutengeneza madebe huku huku Asia, mekundu, yashindane na ya buluu ya Standard. Kwa hiyo hatari ndogo ya kila siku ilirudi kwenye maghala. Kilichobaki mbali ni ile kubwa.

Gharama ya matishari ya kuvusha mafuta kutoka kisiwani hadi mjini ilikuwa ya kweli, sikatai. Lakini mfanyabiashara mdogo asiye na mtaji wa kununua kisiwa alifungiwa nje kabisa, na amri iliyomuudhi Samuel ikawa ukuta wa kumkinga na washindani wa aina hiyo. Mwaka 1961 kampuni yake, Shell, ilifungua Bukom kiwanda cha kwanza cha kusafisha mafuta Singapore.