Bahari hujisafisha, ila si kila hori

Mlalamikie mzee wa pwani kuhusu majitaka yanayoingia baharini, atakujibu kwamba bahari hujisafisha. Nisiharakishe kumbeza. Mililita 1 ya maji ya bahari huwa na takriban bakteria milioni 1 na virusi milioni 10, na vingi vya virusi hivyo havina haja na binadamu: ni faji, kazi yao kuingia ndani ya bakteria, kuzaliana humo na kuwapasua. Ongeza chumvi na jua kali la Mombasa, na bakteria wengi wa kinyesi hufa baada ya saa au siku chache. Hata mafuta yakimwagika yana walaji wake, bakteria aina ya Alcanivorax.

Lakini hoja ya mzee inategemea maji yanayokwenda. Nje ya mwamba wa Nyali, sawa. Ndani ya hori la Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara, siku za maji mafu, yaani yanapopwa na kujaa kidogo tu, uchafu uliotoka na maji kupwa unaweza kurudi na maji kujaa. Bamvua, siku za maji makubwa, angalau huvuta zaidi. Humo horini majitaka ni karamu ya vijidudu. Naitrojeni na fosforasi huvinenepesha vile vinavyozaana haraka, oksijeni hupungua, na tope la mikoko huwaficha bakteria wasipigwe na jua.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kipimo chenyewe. Ukihesabu E. koli pekee, bakteria wa kinyesi, na kukuta wachache, utasema maji ni safi, ilhali virusi vya homa ya ini aina ya A hustahimili maji ya chumvi kuliko bakteria hao. Chaza, ambaye chakula chake ni kuchuja maji, huvikusanya mwilini. (Ndiyo maana wa kwangu hupikwa hata mtu anicheke.)

Tena faji si askari mwaminifu. Mwaka 1996 ilibainika kwamba jeni za sumu ya kipindupindu huletwa kwa bakteria na faji. Msafishaji huyohuyo anaweza kumpa adui silaha.

Daraja la Makupa lililofunguliwa 2022 lilichukua nafasi ya tuta lililoziba mkondo. Maji yakipita, mzee atakuwa na haki zaidi. Ila mkondo huo unaweza pia kuhamisha majitaka ya Tudor hadi hori la Port Reitz upande wa pili, kwa hiyo bado ningetaka yasafishwe kabla ya kufika horini, na chaza wa sokoni wapimwe virusi pia.