Mungu, Darwin na sikoseli ya nyumbani kwetu

Juzi mpwa wangu aliye senior six alikuja kwangu hapa Mbale na daftari lake la bailojia, akakaa kimya kidogo halafu akaniuliza, "Mjomba, nikijibu swali la evolusheni, ile ya viumbe kubadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi, kwa mtihani, si ni kama nimemkana Mungu?" Kumbe mchungaji wao kawaambia vijana kwamba Darwin, yule mwanasayansi wa evolusheni, na Biblia havikai nyumba moja, kila mtu achague.

Iliniuma sana jamani. Huyu kijana ana AS, yaani sikoseli, ule ugonjwa wa damu, kairithi kwa mzazi mmoja tu, na mwenyewe haumwi. Mdogo wake ni SS, kairithi kwa wazazi wote wawili na anaumwa, vidole vinamvimba usiku mpaka hawezi kushika kikombe, na mama yake anamkanda na kitambaa cha maji moto hadi asubuhi. Sasa mtoto wa nyumba kama hiyo unamwambia asisome kitu kinachomweleza kwa nini hiyo damu iko kwetu?

Maana maelezo yapo. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake huku huku Uganda, alionyesha kwamba mtoto mwenye AS malaria inamshika ndiyo, lakini ile kali ya kuua mara nyingi inamkosa, kwa hiyo vizazi na vizazi wenye AS walipona, wakakua, wakazaa, na sikoseli ikabaki kwenye damu yetu. Kwa Baamba wa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, ambako malaria ni ya siku zote, madaktari wa miaka ya 1940 walikuta karibu watu 45 kwa kila 100 wana hiyo sikoseli kwenye damu, lakini panda milima ya Kigezi kwenye baridi, ambako mbu walikuwa wachache, wenye nayo ni wachache pia. Hiyo ndiyo evolusheni yenyewe, na bei yake inalipwa na watoto wa SS.

Mimi ni Mkatoliki na kwetu hili jambo halikatazwi. Papa Pio wa 12 mwaka 1950 aliruhusu wasomi wajadili kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe vya kabla, ila roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja, na mwaka 1996 Yohane Paulo wa Pili akasema evolusheni ni zaidi ya dhana tu. Sheikh jirani yangu yeye anakubali wanyama wanabadilika, lakini kwa Adam anasimama hapo hapo, kaumbwa kwa udongo, basi.

Rafiki yangu Msabato ndiye tunabishana naye kweli, na namheshimu kwa hilo, kwa sababu kwake siku sita za uumbaji si hadithi ya pembeni, Sabato yake yote imesimama juu yake, ukizigusa hizo siku umegusa Jumamosi yake, ibada yake, mapumziko ya nyumba nzima. Namwelewa. Lakini hata yeye alimpeleka binti yake kupima damu ya sikoseli kabla ya harusi, wasije wakaoana AS wawili wakazaa mtoto wa SS, na hakuona kama amemkosea Mungu.

Kijana nilimwambia aandike yote aliyofundishwa, na jioni asali kama kawaida. Wiki ijayo nitaenda kwa mchungaji wake, kwa adabu, na nitambebea karatasi ya majibu ya damu ya yule mdogo wa SS tuisome pamoja.